Optokapla na Relei ya SSR: Mmoja Hupeleka Habari, Mwingine Hubeba Mzigo



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina vyombo vya stima ambavyo zamani havikuonekana mashambani. Kuna mashine za kuangulia vifaranga, kuna pampu zinazojiwasha zenyewe tangi likipungua, kuna vikaushio vya mboga na matunda. Vyombo hivi vina akili kidogo ndani yake: bodi ndogo ya elektroniki inayopima joto au maji, kisha inaamua kuwasha au kuzima.

Chombo kikiharibika, fundi huitwa. Anafungua, anachungulia, anasema, "Hapa ni optokapla imekufa," au, "Hii ni SSR, inunuliwe nyingine." Mwenyekiti anamwangalia mweka hazina, mweka hazina anamwangalia katibu, na pesa zinatolewa. Hakuna hata mmoja anayejua kama kilichonunuliwa ndicho kilichotakiwa.

Makala hii inaeleza vifaa hivyo viwili. Hatutaki kila mtu awe fundi. Tunataka kikundi kiweze kuuliza maswali ya maana kabla ya kutoa pesa, na kabla ya mtu kuingiza mkono mahali pa hatari.

SHIDA INATOKA WAPI?

Bodi inayopima joto hutumia stima kidogo sana, kwa kawaida volti 5 au 12. Lakini balbu au koili ya kupasha moto hutumia stima ya laini, yaani volti 240. Bodi ndiyo yenye akili, koili ndiyo yenye nguvu. Ni lazima bodi iamuru koili, lakini hizo stima mbili zisigusane kamwe.

Zikigusana, bodi inaungua papo hapo. Tena, waya za kipimo cha joto ambazo mtu huzishika kwa mkono zinaweza kuwa na volti 240. Hapo si hasara ya mayai tena, ni maisha ya mtu.

Basi panahitajika kitu katikati kinachopitisha amri bila kupitisha stima. Optokapla na SSR zote mbili hufanya hivyo, na ndiyo sababu watu huzichanganya. Lakini kazi zao si moja.

OPTOKAPLA NI NINI?

Fikiria watu wawili wanaokaa ng'ambo mbalimbali za mto uliofurika. Hakuna daraja. Usiku, mmoja anamulika tochi, na mwenzake anaiona na kujua la kufanya. Hakuna kilichovuka mto isipokuwa mwanga.

Optokapla ni hivyo hivyo. Ndani ya kidude kimoja cheusi kuna taa ndogo ya LED upande mmoja, na upande wa pili kuna transista yenye jicho la kuona mwanga. LED ikiwaka, transista inafungua njia. LED ikizimika, njia inafungwa. Katikati hakuna waya wowote.

Ile inayopatikana sana madukani ni PC817. Ina miguu minne, na ni ndogo kuliko punje ya hindi. Nukta iliyo juu yake huonyesha mguu wa kwanza. Watengenezaji wanaandika kwamba inastahimili volti 5,000 kati ya upande mmoja na mwingine kwa muda wa dakika moja. Ukifungua chaja ya simu iliyokufa (ikiwa imechomolewa ukutani!), mara nyingi utaiona imekaa juu ya mpaka, miguu miwili upande wa stima ya laini, miwili upande wa simu. Kazi yake hapo ni kupeleka habari: "Volti zimetosha, punguza."

Lakini angalia udogo wa nguvu zake. PC817 haipaswi kupitisha zaidi ya miliampea 50. Balbu ya wati 100 kwenye volti 240 huvuta karibu miliampea 417, yaani zaidi ya mara nane. Tena transista yake haikuundwa kushika volti 240 za laini. Mtu akiunganisha balbu moja kwa moja kwenye optokapla, itapasuka.

Tena LED yake haiwezi kuunganishwa bila resista. Hesabu ni rahisi. LED hutumia karibu volti 1.2, na miliampea 10 zinatosha. Kwa bodi ya volti 5: toa 1.2, zinabaki 3.8. Gawanya kwa ampea 0.01, unapata omu 380, basi tumia resista ya 390. Kwa volti 12 utapata 1,080, nayo resista ya omu 1,000 inafaa.

SSR NI NINI?

Kwanza tukumbuke relei ya kawaida, ile inayolia "ka!" ikiwaka. Ndani yake kuna sumaku ya umeme inayovuta kipande cha chuma, na vijino viwili vinagusana. Ni chombo kizuri na cha bei ndogo, lakini vijino huchakaa kwa cheche. Relei nyingi ndogo huandikwa kwamba zinastahimili kuwashwa mara 100,000 hivi zikiwa na mzigo kamili.

Idadi hiyo ni kubwa? Hebu tupige hesabu. Mashine ya kuangulia ikiwasha joto mara moja kila dakika, hiyo ni mara 1,440 kwa siku. Kwa siku 21 za mayai ya kuku ni mara 30,240. Kumbe baada ya kuangua mara tatu tu, tayari umefika mara 90,720.

Relei ya solidi-steti, ile iliyoandikwa SSR juu ya kasha lake, haina kitu kinachocheza ndani. Haina vijino, haina cheche, hailii. Kwa hiyo haichakai kwa kuwashwa na kuzimwa.

Turudi kwenye mto wetu. Yule anayeona tochi ng'ambo sasa ni mtu mwenye nguvu, na kazi yake ni kufungua na kufunga mlango wa mfereji mkubwa. Ndani ya SSR nyingi kuna kitu cha jamii ya optokapla, na baada yake kuna traiaki au kifaa kama hicho kinachobeba stima yenyewe. Ndiyo sababu tunasema: optokapla hupeleka habari, SSR hupeleka habari na kubeba mzigo.

Ile ya kawaida ina skrubu nne. Namba 3 na 4 ni za amri kutoka kwa bodi, na ya 3 ndiyo ya chanya. Namba 1 na 2 ni za mzigo. Upande wa amri mara nyingi huandikwa volti 3 hadi 32, na hauhitaji kuongezewa resista, kwa sababu umetayarishwa ndani.

Pia kuna njia ya katikati. Optokapla kama MOC3041 au MOC3063 ina traiaki ndogo badala ya transista, na fundi huitumia kuamsha traiaki kubwa iliyo nje. Hiyo ni kama SSR iliyotengenezwa kwa mkono. Kama fundi wako anatumia njia hii, mwambie achukue ile ya volti 600, ambayo ni MOC3063. Volti 240 za laini hupanda hadi karibu 340 kwenye kilele chake, na ile MOC3041 ya volti 400 inabaki na nafasi ndogo.

TUZILINGANISHE

Mzigo: Optokapla ya kawaida ni miliampea tu. SSR ni ampea 10, 25, 40 na zaidi.

Mwendo: Optokapla ni ya haraka sana, inaweza kuhesabu mapigo ya mita ya maji au ya umeme. SSR nyingi za stima ya laini hungoja wimbi la stima lifike sifuri ndipo ziwashe, na kwa stima yetu hilo huweza kuchukua hadi sehemu 10 za elfu za sekunde. Kwa koili ya joto si kitu.

Joto: Optokapla haipati joto la kuhangaisha. SSR hupata.

Mahali pake: Optokapla hukaa mahali pa kupokea na kupeleka habari. Kwa mfano, boya likiwa kwenye tangi mita 300 kutoka kwa bodi, waya huo mrefu huokota mishtuko midogo wakati wa radi. Optokapla penye mlango wa bodi husaidia kuikinga na mishtuko hiyo. Haitazuia radi iliyopiga moja kwa moja, na wenzetu wa Kisii na Kakamega wanajua radi ni kitu gani. SSR hukaa mahali pa kuwasha na kuzima mzigo.

Basi hazishindani. Mashine moja inaweza kuwa na zote mbili.

MAMBO MANNE YANAYOLETA HASARA

1. Kununua SSR ya aina isiyofaa. Angalia herufi za mwisho. DA maana yake amri ni ya DC, na mzigo ni wa AC, yaani stima ya laini. DD maana yake amri ni ya DC na mzigo pia ni wa DC, yaani betri au sola. Vikundi vya sola vijihadhari hapa. Traiaki ikishawaka haizimiki mpaka stima ifike sifuri. Stima ya laini hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, lakini stima ya betri haifiki kamwe. Ukiweka DA kwenye pampu ya sola, itawaka vizuri, mtafurahi, halafu haitazimika. Maji yatamwagika mpaka mtu akate waya.

2. Kusahau joto. SSR ya DA hula karibu volti 1.2 hadi 1.5 ikiwa imewaka. Mzigo wa ampea 10 huleta wati 12 hadi 15 za joto ndani ya kasha dogo kama kiberiti kikubwa. Bila hitisinki, yaani kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi, itaungua. Kuandikwa "25A" ni ahadi yenye sharti: hitisinki iwepo, imekazwa vizuri, na kupakwa ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Mashine ya mayai yenye koili ya wati 200 huvuta ampea 0.83 tu, kwa hiyo joto ni kama wati moja. Kikaushio cha wati 2,000 ni jambo lingine kabisa.

3. Kudhani kwamba "imezima" ni kuzima kweli. Hili ndilo kubwa, tafadhali msomee kikundi kwa sauti. Relei ya vijino ikiachia, kuna nafasi ya hewa. SSR ikizima, hakuna nafasi ya hewa. Stima kidogo, pengine miliampea chache, huendelea kupenya. Balbu ya LED inaweza kubaki iking'aa hafifu. Na ukishika waya wa mzigo unaweza kupigwa na stima, ijapokuwa taa ndogo nyekundu ya SSR imezimika. Taa hiyo inaonyesha amri tu, haionyeshi hali ya upande wa volti 240. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mashine: zima ukutani, chomoa plagi, ndipo ufungue.

4. Kudhani itakufa kwa usalama. Watu wengi hufikiri kifaa kikiharibika, kitaacha kufanya kazi. SSR ikiungua, mara nyingi hubaki IMEWAKA. Bodi inaamuru "zima," lakini koili inaendelea kupasha.

TUSEME KIKUNDI KINA MAYAI 200

Mashine yenye feni inatakiwa kukaa karibu nyuzi 37.5. Siku ya 15, saa nane za usiku, SSR inaungua na kubaki imewaka. Joto linapanda, linapita nyuzi 40, linaendelea. Hakuna aliye macho. Asubuhi bodi inaonyesha kwamba imeamuru kuzima, na kweli imeamuru. Lakini vifaranga vimekufa ndani ya mayai, na pesa za chakula, usafiri na mayai yenyewe zimekwenda.

Dawa yake si SSR ya bei zaidi. Dawa ni mlinzi wa pili ambaye hategemei bodi wala SSR. Wekeni themostati ya kawaida ya kimakanika, ile yenye swichi yake yenyewe, kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye koili. Stima ipite kwanza hapo, ndipo ifike kwenye SSR. Bodi iwekwe nyuzi 37.5, na themostati hii nyuzi 39. Siku za kawaida haitafanya kazi yoyote, na kwa hiyo vijino vyake havitachakaa. Siku SSR ikibaki imewaka, themostati itakata koili kabla mayai hayajapikika.

Feni isipitie njia hiyo. Iendelee kuzunguka hata koili ikikatwa. Na wekeni fyuzi inayolingana na mzigo, si kipande cha waya kilichookotwa.

Kabla ya kila duru ya mayai, mjaribu mlinzi wenu. Mashine ikiwa tupu, pandisheni kipimo cha bodi hadi nyuzi 40. Mtu akae hapo aangalie. Themostati ya pili ikikata karibu na 39, ni vizuri. Isipokata, msitie yai hata moja.

JINSI YA KUPIMA SSR

Mafundi wengine hupima matokeo ya SSR kwa mita bila mzigo, wanaona volti 200 na zaidi, wanasema imekufa. Si kweli. Ile stima kidogo inayopenya inatosha kudanganya mita. Fundi aweke balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iwe mzigo, kisha aondoe waya wa amri:

- Balbu ikizimika kabisa, na ikiwaka amri inaporudishwa, SSR ni nzima.
- Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu bila amri, SSR imeungua na kubaki imewaka. Itupwe.
- Balbu isipowaka hata amri ikiwepo, angalia kwanza kama volti za amri zinafika. Pengine kosa ni la bodi, na SSR haina hatia.

Kazi hii ni ya volti 240. Ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA, si kijana mwenye bisibisi na ujasiri tu.

MKIENDA KUNUNUA

Andikeni kwenye karatasi mambo matatu: mzigo ni AC au DC, ni ampea ngapi, na amri ya bodi ni volti ngapi. Kwa koili, chukueni SSR yenye ampea mara mbili au zaidi ya mzigo. Pampu yenye mota huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida inapoanza, kwa hiyo muulizeni fundi kama si afadhali kutumia kontakta. Kwa mashine ya posho hakuna haja ya mjadala: kontakta ndiyo mahali pake.

Jihadharini na SSR za bandia. Ziko zilizoandikwa "40A" na ndani mna traiaki ndogo. Ikiwa bei ni ya ajabu na kasha ni jepesi mkononi, iacheni.

Na fundi akisema "optokapla imekufa", mwambieni awaonyeshe iko wapi. Optokapla ni kifaa kidogo cha bei ndogo sana. Ikiwa mnalipishwa bei ya SSR, mnayo haki ya kuuliza kwa nini. Fundi mwaminifu hatakasirika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yetu ina relei ya vijino au SSR? Nani kati yetu amewahi kuiona?
2. SSR ikibaki imewaka usiku wa leo, ni kitu gani kitakachokata joto?
3. Nani ana ruhusa ya kufungua mashine, na je, anajua kuchomoa plagi kwanza?
4. Ile pampu yetu ya sola, ina DA au DD?

Kama jibu la swali la pili ni "hakuna", basi hiyo ndiyo kazi ya mkutano wenu ujao, kabla ya kununua mayai mengine.